Kamshafti Kali Kwenye Datsun ya Wikendi: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Datsun 1600 SSS pamoja na 160J na 180B zingali zinatunzwa Kenya na Tanzania na watu wanaozipenda kwa dhati, wengi wao wakizitoa nje Jumamosi na Jumapili tu. Mapenzi hayo yana historia, kwani mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki wakiwa na 1600 SSS, na tangu hapo jina la gari hilo halijatoka midomoni mwa watu. Injini za Datsun za familia ya L zenye silinda nne, yaani L16 ya cc 1595, L18 ya cc 1770 na L20B ya cc 1952, huvumilia kuongezwa nguvu, na kitu ambacho mwenye gari hukitamani mapema ni kamshafti kali, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, uliochongwa ili valvu zikae wazi muda mrefu zaidi.

Malalamiko yanayofuata hufanana mno: sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) haitulii, gari linajikwaa ukikanyaga mafuta, breki zimekuwa nzito, plagi zinajaa masizi, kuna mgongano juu ya injini. Mwongozo huu unayapitia moja baada ya jingine, ukianza na kisababishi kinachoonekana mara nyingi zaidi na kumalizia na kile cha nadra. Naamini kwamba sehemu kubwa ya ubaya unaotupiwa kamshafti hutokana na injini iliyoachwa na seti za kiwandani, kwa maana kwamba taimingi (wakati wa cheche kuwaka), jeti (vitundu vinavyopima petroli kwenye kabureta), tapeti (nafasi ndogo inayoachwa kabla nundu haijaanza kusukuma valvu) na difu (gia za nyuma zinazopeleka nguvu magurudumuni) zimebaki kama zilivyopangiwa kamshafti ya zamani. Usikubali kamshafti ing'olewe kabla ya mambo hayo manne kupimwa.

Kinachobadilika ndani ya injini

Kamshafti kali huziacha valvu wazi kwa digrii nyingi zaidi za mzunguko wa krankshafti, na kwa sababu hiyo hurefusha kile kipindi ambacho valvu ya kuingiza na ya kutolea moshi ziko wazi kwa pamoja. Injini ikizunguka taratibu, moshi hupata nafasi ya kurudi kwenye manifoldi ya kuingiza, ukachafua mchanganyiko wa hewa na petroli na kushusha vakyumu, yaani mvuto wa hewa ndani ya manifoldi hiyo. Tena valvu ya kuingiza huchelewa kufunga, hivyo pistoni inayopanda husukuma sehemu ya mchanganyiko irudi ulikotoka, na kompresheni halisi hupungua. Mizunguko ikipanda, kasi ya hewa inayoingia huyashinda yote hayo, na hapo ndipo injini inapoanza kuvuta.

Kwa L16 au L18 ya barabarani, kamshafti inayotangazwa kuwa ya digrii 270 hivi huleta usumbufu mdogo. Ya 280 utaisikia kila unaposimama kwenye taa, lakini ikisetiwa vizuri inaendesheka. Ikizidi 300 ni ya mashindano, na sioni namna ya kuifanya ipendeze kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa.

Dalili ya kwanza: sailensi haitulii, au gari linazima unaposimama

Kisababishi kinachoongoza ni kwamba kamshafti imefungwa vizuri, kisha sailensi ikarudishwa kwenye mizunguko 700 au pungufu kama ilivyokuwa zamani. Kamshafti ya digrii 280 huhitaji mizunguko 900 hadi 1000 kwa dakika. Pasha injini joto sawasawa, pandisha sailensi, na usiguse kitu kingine mpaka uone matokeo. Mtetemo mdogo utakaobaki ni tabia ya kamshafti yenyewe.

Cha pili ni taimingi ya cheche. Mchanganyiko uliochafuliwa na moshi huungua polepole, kwa hiyo cheche inapaswa kutangulia zaidi ya zile digrii 10 hivi ambazo mafundi wengi huziseti kwa mazoea. Chomoa bomba la vakyumu la distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) na ulizibe, kisha, ukitazama kwa taa ya taimingi, jaribu digrii 14, halafu 16. Kila unapoongeza, sailensi itapanda yenyewe, nawe utairudisha chini kwa skrubu inayofunga vipepeo vya kabureta. Kurudisha huko kuna faida ambayo wengi hawaioni. Vipepeo vilivyofunguliwa kupita kiasi ili kuizuia injini isizime hufichua tundu za mpito, zile za kulisha injini unapoanza kukanyaga mafuta, na petroli huanza kupita humo badala ya kupita kwenye njia ya sailensi. Alama yake ni kwamba unaweza kufunga skrubu ya mchanganyiko hadi mwisho na injini isijali. Ukiona hivyo, acha kusumbuka na skrubu ya mchanganyiko na urudi kwenye taimingi.

Tahadhari hapa ni moja, nayo ni nzito. Ukitanguliza cheche kwenye sailensi bila kupunguza mwendo wa vyuma vya uzito ndani ya distributa, vile vinavyoitanguliza cheche kadiri mizunguko inavyopanda, jumla ya digrii kwenye mizunguko ya juu nayo itapanda. Kwenye injini hizi jumla isipite digrii 34 hadi 36, na ipimwe kwa taa kwenye mizunguko kama 3500. Ukisikia injini ikigonga unapopanda mlima huku umekanyaga mafuta, achia mara moja na urudishe taimingi nyuma, kwa kuwa kugonga huko hutoboa pistoni. Kupunguza mwendo wa vile vyuma vya uzito ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kupimia distributa.

Baada ya taimingi, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia kuzunguka gasketi ya manifoldi na vikalio vya kabureta. Sailensi ikibadilika, umepata mahali penyewe. Wapo wanaotumia petroli kwa jaribio hili juu ya injini yenye moto, na nawasihi waache, maana gari limewahi kuungua kwa mtindo huo huo. Kama hakuna uvujaji, linganisha kabureta zako mbili, ziwe Hitachi za aina ya SU au Weber za pembeni, uhakikishe zinavuta hewa kwa kiasi kimoja. Ukichukua mpira wa kawaida wa petroli, ukaweka ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kila kabureta, tofauti ya mvumo huisikia hata asiye fundi.

Kisha pima tapeti. Za kiwandani zikiwa moto ni milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea moshi, lakini kamshafti mpya huja na karatasi yake, na karatasi hiyo ndiyo inayofuatwa. Tapeti iliyokazwa kuliko kipimo hurefusha muda wa valvu kukaa wazi, yaani huifanya kamshafti kuwa kali kuliko ulivyonunua, na huchoma valvu ya moshi.

Kilichobaki ni taimingi ya cheni, ambayo si ya kukimbilia. Sprokati ya kamshafti kwenye injini za L ina tundu tatu za pini, na kutoka tundu moja hadi jingine kamshafti husogea digrii 4 za krankshafti. Cheni iliyorefuka kwa uchakavu huichelewesha kamshafti, na kuhamia tundu linalofuata huirudisha mahali pake. Kabla ya kufungua sprokati, chomeka kabari ya mbao katikati ya pande mbili za cheni, ikaze. Bila kabari hiyo tenshena (kikaza cheni) huruka kutoka mahali pake, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa kazi ya kufungua kifuniko chote cha mbele cha injini. Baada ya kusogeza, zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya puli, mizunguko miwili kamili. Ukikutana na kizuizi kigumu, simama hapo hapo. Hiyo ni valvu imekutana na pistoni, na kupiga stata wakati huo ni kupinda valvu. Anayetakiwa kuendelea ni fundi wa injini anayeweza kupima nafasi kati ya valvu na pistoni, ambayo kwa kawaida haipaswi kupungua milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa moshi.

Dalili ya pili: gari linajikwaa chini ya mizunguko 3000

Unakanyaga mafuta, gari linasita, pengine linapiga chafya kwenye kabureta, kisha linaruka mbele kwa ghafla. Kwenye Weber, angalia kwanza jeti za sailensi, kwa kuwa ndizo zinazolisha injini karibu hadi mizunguko 3000, ingawa jina lake huwafanya watu wadhani hazina kazi gari likishaanza kwenda. Watu hubadili jeti kuu mara kadhaa bila kupata nafuu, kumbe tatizo liko chini kabisa. Chafya kwenye kabureta maana yake ni petroli kidogo. Moshi mweusi na uzito maana yake ni petroli nyingi. Badili saizi moja tu kwa wakati, kisha uendeshe. Kwenye Hitachi, fungua vifuniko vya juu uone kama oili ya kuzuia pistoni ya kabureta ipo. Ikikauka, pistoni hupanda haraka mno na mchanganyiko huwa mwepesi wakati uleule unapohitaji uzito.

Ukiwa na Weber zisizo na kifuniko cha hewa na injini ikashikiliwa kwenye mizunguko 2500, utaona ukungu wa petroli ukining'inia midomoni mwa kabureta, ukitoka na kurudi. Ni mchanganyiko unaosukumwa nyuma na valvu zinazochelewa kufunga. Ukungu kidogo ni wa kawaida kwa kamshafti ya namna hii, na bomba refu zaidi za kuvutia hewa huupunguza. Hata hivyo ni petroli iliyo hewani karibu na injini yenye moto, kwa hiyo usiendeshe gari hilo barabarani bila chujio la hewa, na uwe na kizima moto ndani ya gari.

Kisababishi kingine ambacho mafundi hukisahau ni difu. Gari lenye difu ya uwiano wa 3.7 likienda mwendo wa mjini huiweka injini chini kabisa, mahali ambapo kamshafti mpya haina nguvu. Kuhamia difu ya 4.1 hupandisha mizunguko kwa takriban asilimia 11 kwenye mwendo uleule. Mimi ningeliweka badiliko hilo kabla ya kununua kabureta kubwa zaidi, kwani huliondoa tatizo bila kulificha.

Kama yote hayo yako sawa na gari bado ni zito, pima kompresheni ya kila silinda. Tarajia ziwe chini kuliko za kamshafti ya kiwandani. Kinachotafutwa ni tofauti kati yao. Silinda moja ikiachana na nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, pana valvu isiyofunga vizuri au ringi zilizokwisha, na hilo halirekebishwi kwa jeti. Na kama zote ziko chini sana kwa usawa, kamshafti imechelewa, au ni kali mno kwa pistoni ulizonazo. Hapo chaguo ni kupandisha kompresheni kwenye karakana ya mashine au kuteremka kwenye kamshafti ya digrii chache.

Dalili ya tatu: breki zimekuwa nzito

Busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, hutegemea vakyumu ya manifoldi. Injini nzima ya kawaida, ikiwa pwani, huonyesha inchi 18 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi. Ikiwa na kamshafti kali inaweza kushuka hadi 12 au chini ya hapo. Hili linawahusu hasa watu wa bara. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho peke yake huondoa inchi tano hadi sita kwenye geji. Gari lililosetiwa Mombasa likawa na breki za kuridhisha linaweza kufika Nairobi likiwa na busta isiyosaidia kitu.

Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali isiposhuka hata kidogo, busta haipati vakyumu au imetoboka. Kagua bomba na valvu yake ya njia moja, kwanza kwa macho, kisha kwa kupuliza. Kama vyote ni vizima, tanki dogo la kuhifadhi vakyumu husaidia kwa mikanyago michache, na pampu ya umeme ya vakyumu ndiyo suluhisho la kudumu. Kwenye Weber mbili, ambako kila silinda ina njia yake, bomba la busta lisitegemee njia moja tu.

Gari lenye dalili hii lisitoke nyumbani mpaka lipone. Lipelekwe kwa fundi wa breki likiwa limebebwa.

Dalili ya nne: harufu ya petroli, plagi nyeusi, injini kupata moto kwenye foleni

Plagi zenye masizi makavu hutokana mara nyingi na mchanganyiko mzito wa sailensi, na tena kimo kina sehemu yake, kwa kuwa hewa ya Nairobi au Arusha ni nyepesi na jeti za pwani humwaga petroli kupita mahitaji. Punguza jeti za sailensi kabla ya kutafuta plagi za joto zaidi. Harufu kidogo ya petroli kwenye ekzosi itabaki hata gari likisetiwa vipi, kwani sehemu ya mchanganyiko hupita moja kwa moja valvu zote zikiwa wazi.

Joto kwenye foleni ni la taimingi iliyochelewa kabla ya kuwa la rejeta. Kagua taimingi, kisha feni na kiasi cha maji. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto.

Dalili ya tano: mgongano juu ya injini

Sehemu hii naomba isomwe kwa makini kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo inayoharibu injini kimyakimya.

Kamshafti nyingi kali zinazopatikana kwetu zimechongwa upya kutoka kamshafti ya zamani. Ili kuipa nundu umbo jipya, mchongaji hulazimika kula chuma cha upande wake wa chini, na duara la chini likipungua, roka (mkono unaosukumwa na nundu ili kufungua valvu) hulala kwa pembe tofauti na ile ya kiwandani. Fundi hukaza tapeti hadi kipimo, fila (bati jembamba la kupimia nafasi) inapita vizuri, kila kitu kinaonekana sawa, ila nundu sasa inasugua ukingoni mwa uso wa roka badala ya katikati. Haipiti miezi mingi kabla ya uso huo kulika.

Njia ya kukagua ni nyepesi. Paka uso wa nundu wino wa kalamu nene, zungusha injini kwa mkono mara kadhaa, kisha toa roka uitazame kwenye mwanga. Utaona alama ya msuguano, ambayo inapaswa kukaa katikati ya uso na kubakiza ukingo usioguswa mbele na nyuma. Alama ikifika ukingoni, dawa yake ni kubadili vile vidude vidogo vinavyokaa kati ya roka na kichwa cha valvu, uweke vinene zaidi, kisha upake wino tena. Kazi hurudiwa kwa kila valvu, zote nane. Fundi anayekuambia kwamba hakuna haja, kwa sababu tapeti ameshazipima, hajaijua injini hii.

Baada ya hapo angalia oili. Injini za L za mwanzo hulainisha kamshafti kwa bomba la kunyunyizia lililo juu yake, na nyingine hupitisha oili ndani ya kamshafti yenyewe na kuitoa kwenye tundu za nundu. Kamshafti isiyo na tundu ikifungwa bila bomba hukauka. Hata bomba likiwepo, viungo vyake hulegea kwa uzee. Fungua kifuniko cha valvu, zungusha injini kwa stata huku waya wa koili umechomolewa, na uone kama oili inafika kwenye kila nundu.

Kamshafti mpya yenye roka mpya hupakwa kilainishi chake, na injini ikiwaka hushikiliwa kwenye mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika 20 bila kurudi sailensi, kwa kuwa kwenye sailensi oili inayorushwa ni kidogo na mgandamizo wa springi ni mkubwa. Tumia oili nzito ya injini za zamani, kama 20W-50 yenye zinki na fosforasi ya kutosha, maana oili nyepesi za magari ya kisasa zimepunguziwa viambato hivyo.

Nundu inayokufa ina ishara ya mapema kuliko mgongano. Pima tapeti baada ya safari chache za kwanza. Valvu moja ambayo nafasi yake inazidi kupanuka kila unapoirudisha kwenye kipimo inakuambia kwamba chuma kinaondoka. Usiendelee kuikaza. Zima injini, mwaga oili kwenye chombo safi, na upitishe sumaku ndani yake. Ukipata unga wa chuma, gari lisiwashwe tena. Unga huo uko njiani kuelekea kwenye beringi za krankshafti, na sasa ni kazi ya ovaholi kwenye karakana inayoaminika.

Dalili ya sita: injini inakata mizunguko ya juu

Kama inavuta vizuri kisha inafifia taratibu, kagua chujio na pampu ya petroli. Kama inakata ghafla na kumisi kila ifikapo mizunguko ileile, shuku springi za valvu za kiwandani, ambazo hazina nguvu ya kuifuata nundu mpya. Springi ngumu zaidi lazima zipimwe zikiwa zimefungwa, kuhakikisha valvu ikiinuka hadi mwisho koili zinabakiwa na nafasi ya milimita moja na nusu hivi kabla ya kugusana, na kwamba kishikio cha juu hakigongi sili ya mrija unaoongoza valvu. Ni kazi ya karakana ya silinda hedi. Mpaka ikamilike, jiwekee kikomo cha mizunguko 500 chini ya pale injini inapokata, na usikivuke hata mara moja kwa kujaribu.